Sura ya Saba: Mtambo Unaojibu

Nyuma ya projekta nyingi zinazofungwa kwenye dari za kumbi, karibu na soketi za picha na sauti, kuna tundu dogo lenye pini tisa. Wanunuzi wengi hawaliulizi, na projekta nyingi huchakaa na kutupwa bila waya wowote kuchomekwa hapo. Tundu hilo ni poti ya siriali, ya kanuni iitwayo RS-232, na kazi yake ni kuiwezesha kompyuta iliyo mbali kuiamuru projekta: washa, zima, badili chanzo cha picha, ficha picha kwa muda. Sura hii inalitetea tundu hilo. Silitetei kwa sababu ya amri linazopitisha, kwa kuwa njia za kutuma amri ni tele. Nalitetea kwa sababu linarudisha jibu, na mtambo unaoamriwa kutoka mbali bila kujibu huendeshwa kwa kubahatisha. Mahali pazuri pa kuipimia hoja hii ni Urambo, mji ulio kwenye reli ya Tabora kwenda Kigoma, kilomita tisini hivi magharibi ya Tabora. Historia ya eneo hilo imejaa amri zilizotoka mbali, na majibu yaliyochelewa, yaliyopotea njiani, au yaliyohusu jambo ambalo halikuwa la msingi.

Tuanze na waya wenyewe. RS-232 ilitolewa Marekani mwaka 1960 na chama cha viwanda vya elektroniki, EIA, na toleo lake lililoenea kuliko yote, RS-232-C, ni la mwaka 1969. Ilikusudiwa kuunganisha mashine za kuandikia za mbali na modemu za simu, miaka mingi kabla kompyuta hazijaingia majumbani. Kati ya pini tisa, tatu zinatosha kwa mazungumzo: moja ya kusemea, moja ya kusikilizia, na moja inayozipa pande zote mbili kipimo kimoja cha sifuri ya umeme. Pini ya kusemea ya kompyuta lazima ifike kwenye pini ya kusikilizia ya projekta, na ya projekta vivyo hivyo kwa kompyuta. Ndiyo maana mara nyingi huhitajika kebo iliyopishanishwa, na fundi mzoefu akikuta ukimya hukagua kwanza pini ya 2 na ya 3. Herufi hupita biti moja baada ya nyingine katika waya mmoja. Biti ya moja ni volti hasi, kati ya 3 na 15. Biti ya sifuri ni volti chanya za kiwango hichohicho. Chochote kilicho katikati, kati ya hasi 3 na chanya 3, hakihesabiwi, na pengo hilo ndilo linalozuia vurugu ndogo za umeme zisisomwe kama amri.

Lugha inayopita katika waya huo hutegemea mtengenezaji. Projekta za Epson hutumia maandishi yanayosomeka kwa macho. Kuwasha ni kutuma PWR ON ikifuatwa na alama ya kurudi mwanzo wa mstari, urithi wa enzi za taipureta. Ukihesabu nafasi na alama hiyo ni herufi saba. Kila herufi ina biti nane, hutanguliwa na biti moja ya kuanzia na kufungwa na moja ya kumalizia, kwa hiyo amri nzima ni biti 70. Kwa kasi ya kawaida ya biti 9,600 kwa sekunde, inafika kabla sehemu nane za elfu za sekunde hazijatimia. Linalofuata ndilo kubwa. Projekta ikiipokea amri hurudisha nukta pacha, na isipoielewa hurudisha ERR. Kompyuta ikiuliza PWR? hujibiwa PWR=00 kama projekta imelala, PWR=02 kama taa ndiyo kwanza inapata moto, PWR=01 kama imekwisha kuwaka, na PWR=03 kama inajipoza. Ikiuliza LAMP? hupewa idadi ya saa ambazo taa imetumika. Projekta za BenQ huwashwa kwa *pow=on# badala ya PWR ON; lahaja ni tofauti, desturi ya kusema na kujibiwa ni ileile.

Ilinganishe desturi hiyo na rimoti ya mkononi. Rimoti hutoa mwale wa infraredi usioonekana, kisha kazi yake imekwisha. Haina sikio. Vumbi likiwa limefunika kipokezi, betri ikiwa imechoka, au mtu akipita katikati, rimoti haijui. Anayejua ni aliyeishika, kwa kuwa anatazama ukutani. Maana yake ni kwamba rimoti inafanya kazi kwa sababu jibu linapitia machoni mwa binadamu aliyemo ukumbini. Mwondoe binadamu huyo, na kinachobaki ni amri tupu. Tena rimoti nyingi zina kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima, kwa hiyo mwenye shaka akikibonyeza tena anaweza kukizima kile alichokwisha kukiwasha. Katika poti ya siriali, kuwasha na kuzima ni amri mbili mbalimbali. Kuituma PWR ON mara tatu kwa projekta iliyokwisha kuwaka hakudhuru kitu. Amri inayoweza kurudiwa bila madhara na hali inayoweza kuulizwa ni mambo mawili yanayofanya uendeshaji wa mbali uwe salama, na rimoti ya kawaida haina hata moja.

Kwamba kutuma si kufikisha, na kufikisha si kutendeka, njia ya misafara ya Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, ilikwisha kulionyesha kwa gharama kubwa. Tarehe 1 Novemba 1870, John Kirk, aliyekuwa akishikilia ukonseli wa Uingereza Zanzibar, alituma msafara wenye mizigo na barua za David Livingstone, aliyetarajiwa kupatikana Ujiji. Kwa upande wa Zanzibar amri ilikuwa imekwisha kutoka. Kumbe msafara ulikaa Bagamoyo kama siku mia moja, hadi Februari 1871. Ulipofika Unyanyembe, barua zilikwama tena, kwa sababu vita vya Mtemi Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimeifunga njia ya magharibi. Henry Morton Stanley alizichukua barua hizo na kumkabidhi Livingstone huko Ujiji baada ya karibu mwaka mzima tangu zifungwe. Uzembe wa wapagazi na ukali wa vita vinaweza kulaumiwa, na vililaumiwa. Lakini kasoro ya msingi ilikuwa ya mpangilio: aliyetuma hakuwa na namna ya kujua amri yake iko wapi. Bagamoyo iko ng'ambo tu ya mlango wa bahari kutoka Zanzibar, na hata huko palihitaji mtu wa kwenda kutazama kwa macho.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilikuja na fikra nyingine. Njia ilikuwa moja, na treni za kwenda na za kurudi zililazimika kupishana stesheni. Katika reli ya njia moja, ajali haizuiwi na amri kali. Inazuiwa na mpangilio wa kuuliza na kujibiwa. Stesheni masta haruhusu treni itoke mpaka mwenzake wa stesheni ya mbele athibitishe kwamba njia ni tupu na kwamba yuko tayari kuipokea. Ukimya hauhesabiwi kuwa ruhusa. Waya wa simu ukikatika, treni inasubiri au inafuata utaratibu maalumu wa tahadhari. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa hajasikia kinyume, basi mambo ni sawa. Waandishi wa programu za kuendesha projekta wangefaidika wakiisoma kanuni hiyo. Programu iliyoandikwa vibaya hutuma PWR ON, husubiri sekunde thelathini na kuanza kuonyesha filamu. Iliyoandikwa vizuri hutuma, husubiri nukta pacha, huuliza PWR? mpaka ipate PWR=01, na ikikosa jibu baada ya mara kadhaa husimama na kumwarifu mtu.

Hapa msomaji makini atatoa pingamizi, nalo ni zito kuliko mengine yote: jibu nalo linaweza kupotosha. Projekta inayosema PWR=01 inasema tu kwamba taa inawaka. Lenzi ikiwa imefunikwa, kebo ya picha ikiwa imechomoka, au pazia likiwa halijashushwa, watazamaji wataketi gizani huku kompyuta ikiridhika kwamba kila kitu ni shwari. Pingamizi hili ni la kweli, na Urambo yenyewe ina ushahidi wake mkubwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga Tanganyika, uliotekelezwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliofuata vita. Mwaka wa kwanza zilitarajiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata elfu kumi. Mpango uliachwa Januari 1951, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Haitoshi kusema London haikujibiwa. Simu za maandishi zilikuwepo, reli ilikuwepo, taarifa ziliandikwa. Tatizo ni kwamba maswali yaliyopewa uzito yalikuwa ya ekari: ngapi zimefyekwa, matrekta mangapi yamefika, mangapi ni mabovu. Swali la kama karanga zitaota na kukomaa katika udongo ule, kwa mvua ile, lilipaswa kuulizwa kwanza kwa shamba dogo la majaribio, na halikupewa misimu ya kulijibu. Ekari iliyofyekwa ni PWR=01 ya mkulima: inathibitisha kwamba nguvu imetumika, haithibitishi kwamba mavuno yapo. Mwaka 1948, shirika la serikali liitwalo Overseas Food Corporation lilipochukua mpango huo kutoka United Africa Company, Norbert Wiener alichapisha huko Marekani kitabu chake Cybernetics, kinachofafanua jinsi mashine na viumbe hai vinavyojiongoza kwa taarifa zinazorudi kutoka kwenye matokeo ya matendo yao wenyewe. Neno la kuangaliwa humo ni matokeo. Taarifa inayorudi kutoka kwenye juhudi haiwezi kushika nafasi ya taarifa inayorudi kutoka kwenye matokeo.

Kwa hiyo pingamizi haliiui hoja yangu, linainoa. Jibu lina thamani kwa kadiri linavyokaribia lengo. Mwenye ukumbi anayetaka kujua kama watu wanaona picha asitosheke na hali ya taa. Aulize pia ni chanzo kipi cha picha kimechaguliwa, kama picha imefichwa, na kama kuna hitilafu. Projekta nyingi huweza kuyajibu yote hayo. Likibaki ambalo projekta haina kiungo cha kulihisi, kama vile pazia kutoshushwa, basi ni lazima kuongeza kihisi au kumwacha mtu atazame, na kukiri wazi kwamba hapo ndipo mpaka wa mtambo ulipo. Ubaya wa mpango wa karanga haukuwa kutojua tu. Ulikuwa kuchukua kile kilichokuwa rahisi kuhesabika na kukiweka mahali pa kile kilichotakiwa kujulikana.

Pingamizi la pili ni la mwenye mfuko mdogo. Shule ya sekondari yenye projekta moja, inayobebwa kutoka darasa hadi darasa, ina haja gani na poti ya siriali? Nakubali: haina. Mwalimu yupo, rimoti ipo, macho yapo. Lakini hali hubadilika projekta inapofungwa juu darini katika ukumbi wa halmashauri, kanisa au chuo, na hasa umeme unapokatika mara kwa mara. Taa za zebaki zinazotumika katika projekta nyingi hufanya kazi kwa joto kali sana na kwa mgandamizo unaozidi mara 200 ule wa hewa ya kawaida. Ndiyo maana projekta huendelea kuzungusha feni baada ya kuzimwa. Umeme ukikatika ghafla, feni husimama taa ikiwa bado moto. Zipo projekta za sasa zilizotengenezwa kulihimili hilo, na zile za leza hazina taa ya namna hiyo kabisa, ila nyingi zilizomo kazini ni za zamani au za mtumba. Kompyuta ndogo iliyoungwa kwenye betri ya akiba pamoja na projekta inaweza kugundua kwamba umeme wa gridi umekwenda, ikatuma PWR OFF, na kuendelea kuuliza mpaka hali ipite PWR=03 na kufika PWR=00. Hapo gharama ya kebo inalinganishwa na bei ya taa mpya, pamoja na nauli ya kuifuata.

Pingamizi la tatu ni la vijana wa mitandao: RS-232 ni ya kale, kwa nini tusitumie mtandao wa ndani au intaneti? Wana hoja. Kebo ya RS-232-C ilikadiriwa kwa urefu wa mita 15 hivi, na kila kebo huunganisha vifaa viwili tu. Jengo lenye kumbi kumi litahitaji utitiri wa nyaya. Watengenezaji wenyewe wameliona hilo, na chama cha viwanda cha Japani, JBMIA, kimetoa kanuni ya pamoja iitwayo PJLink, ambayo hupita kwenye mtandao kupitia poti namba 4352 na huzifanya projekta za kampuni mbalimbali zielewe lugha moja. Lakini tazama kanuni hiyo inavyosema. Kuwasha ni %1POWR 1, na jibu ni %1POWR=OK. Kuuliza hitilafu ni %1ERST ?, na jibu ni tarakimu sita zinazoeleza hali ya feni, taa, joto, kifuniko, kichujio cha hewa na mengineyo: sifuri ni salama, moja ni onyo, mbili ni hitilafu. Kwa mji wenye vumbi la kiangazi kama Urambo, tarakimu ya kichujio peke yake inatosha kuokoa projekta. Hii ni desturi ileile ya waya wa zamani, herufi chache zinazosomeka na jibu kwa kila swali, ikapandishwa kwenye barabara mpya. Kwa hiyo kuchagua kati ya siriali na mtandao ni suala la majengo na umbali. Ninachokitetea kimo katika vyote viwili.

Hata hivyo waya wa kale una faida mbili zisizopaswa kudharauliwa. Kwanza, hauna anwani ya kupotea, nenosiri la kusahaulika, wala akaunti inayohitaji seva ya kampuni iliyo bara jingine. Projekta inayohitaji intaneti ili iamriwe imeukabidhi ufunguo wake kwa mtu asiyejua kama Urambo ipo. Pili, waya wa mita 15 unaweza kufuatwa kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho, na fundi aliyesoma karatasi mbili za amri anaweza kuujaribu kwa kompyuta yoyote yenye kigeuzi cha USB. Atakayesema kwamba RS-232 haina ulinzi, kwamba yeyote mwenye kebo anatawala, anasema kweli. Lakini ili aishike kebo hiyo ni lazima kwanza aingie ukumbini, na mwenye kuingia ukumbini anaweza hata kuing'oa projekta. Unganisha tundu hilo na mtandao, na ulinzi unakuwa suala halisi linalodai nenosiri na uangalizi. Fundi aliyeko Tabora anayetaka kuuliza saa za taa za projekta iliyoko Urambo anaweza kufanya hivyo kupitia kompyuta ndogo na mtandao wa simu, ila achague kwa makusudi maswali yanayoruhusiwa kutoka nje, na awaachie waliopo ukumbini amri za kuwasha na kuzima.

Kutokana na haya yote, mnunuzi anayesimamia fedha za umma ana maswali matatu ya kumuuliza muuzaji kabla ya kutia sahihi. Je, orodha kamili ya amri imechapishwa, ili fundi yeyote aisome bila kuomba kibali? Je, kila amri ina jibu, na kila hali ina swali lake? Je, majibu hayo yanagusa kile ambacho ukumbi unakitaka, yaani picha kuonekana na mtambo kudumu, au yanaishia kwenye kuthibitisha kwamba umeme unaliwa? Mwangaza wa taa na ukubwa wa picha ndivyo vinavyotangazwa kwenye maboksi, na ni kweli vinahusika, lakini hivyo mtu huvipima siku ya kwanza. Maswali haya matatu hupima miaka inayofuata, wakati aliyenunua amehamishwa kituo, aliyefunga mtambo hapatikani, na anayebaki kuutunza hana msaada ila kile ambacho mtambo wenyewe unaweza kumweleza.